Namna ya kufuatilia asili ya maneno ya jeshi na ya bahari katika Kiswahili

Askari anayeitikia "Ndiyo, afande" anatumia neno lililoanzia kwa Wagiriki. Kwao lilikuwa "authentes", bwana mwenye mamlaka. Waturuki wakalifanya "efendi", wakaliweka kwenye vyeo vya serikali na vya jeshi, na likafika Misri na Sudan pamoja na utawala wao. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliajiri kule Misri askari wa Kisudani takriban 600 kwa ajili ya vita vya Wajerumani dhidi ya Abushiri bin Salim, na hao wakaja na lugha yao ya kambini: ombasha kwa koplo, shaushi kwa sajini, efendi kwa ofisa. Upande wa Waingereza, Wasudani wa Emin Pasha, gavana wa Misri kule kusini mwa Sudan, walichukuliwa na ofisa Mwingereza Lugard mwaka 1891 wakawa jeshi la Uganda, na mwaka 1902 vikosi vya Uganda, Kenya na Nyasaland (Malawi ya leo) vikaunganishwa kuwa King's African Rifles. Jeshi hilo lilikuja kuwa na cheo rasmi cha effendi kwa Waafrika, na Idi Amin alikipata mwaka 1959. Ombasha na shaushi wamebaki kwenye kamusi. Afande bado yupo kila kituo cha polisi.

Kazi ya kutafuta asili ya neno iko hivyo. Umbo la neno linakusaidia kuanza, lakini kinachothibitisha ni kujua nani alikuja na kitu hicho, kutoka wapi, na miaka gani. Mwongozo huu ni kwa mwalimu, mwanafunzi, mhariri au mpenda lugha anayetaka kufanya kazi hiyo bila kubahatisha.

Anza na kadi, usianze na kamusi

Kwa kila neno andika: umoja na wingi wake pamoja na kivumishi kimoja (bunduki hii, bunduki hizi), vitenzi vinavyoambatana nalo, maana inayotumika leo, maana nyingine yoyote hata kama haihusiani, na mahali neno linapotumika. Safu ya vitenzi wengi huiruka, nao wanakosea. Vyombo vya bahari vina majina mengi ya kigeni, lakini kazi inayofanywa juu yake kwa sehemu kubwa ni ya Kibantu: hutweka tanga, hutua tanga, hung'oa nanga, hubisha chombo kinapokwenda dhidi ya upepo, hupiga mbizi. Watu walipokea kifaa kwa jina lake, wakaendelea kukitumia kwa vitenzi walivyokuwa navyo. Ukikuta kitenzi chenyewe ni cha kuazima, kama kukalafati (kuziba nafasi za mbao za chombo), jua kuna ufundi mzima uliofundishwa pamoja na neno.

Safu ya "maana nyingine" ndiyo yenye mali nyingi. Risasi ni kitu kinachotoka kwenye bunduki, lakini pia ni aina ya madini, ndiyo maana kuna kalamu ya risasi. Kwa Kiarabu "rasas" ni madini hayo, na hapo neno limekwisha jieleza. Mzinga ni silaha, lakini kwanza ni gogo lililotobolewa ndani na kutundikwa mtini ili nyuki waingie. Aliyeuona mtutu wa kwanza wa shaba au chuma ukiwa umelazwa juu ya ukuta wa ngome hakuhitaji kuazima neno. Mgambo nao ulikuwa wito wa kuwaita watu wote, uliopigwa kwa baragumu la pembe, kabla ya kuwa jeshi la akiba. Methali ya mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo ni ya wakati huo.

Sikiliza sauti

Sauti za dh, th, gh na kh karibu kila mara zinaonyesha kwamba neno limepitia Kiarabu: nahodha, forodha, ghala. Tazama, nimesema "limepitia". Nahodha lilizaliwa Uajemi, likiwa "nav", yaani chombo cha majini, na "khuda", yaani bwana au mmiliki. Sauti dh limeipata kwa Waarabu. Kamusi nyingi hulibandika alama ya Kiarabu na kuishia hapo, na msomaji huondoka na nusu ya habari. Ukiendelea kuchimba utakuta kwamba "nav" ya Waajemi, "naus" ya Wagiriki na "navis" ya Warumi ni ndugu wa ukoo mmoja. Kutoka "naus" Wagiriki walipata "naulon", malipo ya kupanda chombo. Waarabu wakalichukua wakasema "nawl", na sisi tukapata nauli. Kwa hiyo nahodha na nauli wana babu mmoja, ingawa waliingia Kiswahili kwa milango tofauti.

Jambo la pili la kusikiliza ni irabu zilizopachikwa. Kiswahili hupenda silabi iishe kwa irabu, kwa hiyo "jaysh" ikawa jeshi na "bahr" ikawa bahari. Usichukulie kanuni hii kama sheria isiyovunjika: askari limebaki na "sk" yake pamoja.

Kwa vyeo vya kijeshi vya kisasa, jiulize kama neno liliingia kwa sikio au kwa jicho. Waingereza huandika "colonel" lakini hutamka karibu na "kenel". Kanali imefuata sikio. Koplo na meja pia zimefuata sikio. Lakini luteni imekataa. Mwingereza hutamka "leftenanti", kwa "f" iliyo wazi kabisa, na sisi hatuna hata alama ya "f" hiyo. Luteni inafuata maandishi. Jaribio hili ni dogo ila ni zuri kwa neno lolote la ofisini au kambini, kwa sababu linakuambia kama aliyelileta alikuwa kuruta kwenye gwaride au karani mwenye karatasi mbele yake.

Ngeli husaidia, lakini inadanganya

Silaha za kale za Kibantu hubadilika kwa viambishi vyake vya kawaida: mkuki na mikuki, mshale na mishale, upinde na pinde. Za kuja baadaye mara nyingi hukaa vilevile: bunduki, baruti, singe, bendera, dira. Singe, ile inayochomekwa mbele ya bunduki, ni "sangin" ya Kihindi na Kiajemi.

Mtego upo kwenye maneno yaliyovishwa kiambishi baada ya kufika. Usukani unaonekana kama neno la Kibantu, u- mbele na -ni nyuma, lakini Kiarabu ni "sukkan" na hiyo u- tumeiongeza wenyewe. Manowari ni kinyume chake: ma- ya mwanzo si alama ya wingi. Neno zima ni "man-of-war" ya Kiingereza, kwa hiyo ni manowari hii na manowari hizi. Ukisoma mahali "nowari moja", mwandishi ameteleza.

Tafuta maana ya zamani kuliko zote

Hapa mfano bora ni gereza. Wareno huita kanisa "igreja". Ondoa "i" ya mwanzo, pachika irabu kati ya "g" na "r", geuza "j" yao laini kuwa "z", unapata gereza. Sauti zinakubali, lakini mtu wa kawaida atauliza kanisa na kifungo vinakutana wapi. Vinakutana kwenye ngome. Ngome ya Wareno ilikuwa na kanisa ndani yake. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, ilikuwa nalo. Na Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waomani juu ya mabaki ya kanisa la Wareno. Jina la jengo la ndani likavaliwa na ngome nzima, na Wareno walipofukuzwa Mombasa mwaka 1698 jina likabaki ukutani. Baadaye ngome zikatumika kufungia watu. Fort Jesus yenyewe ilikuwa jela ya serikali ya Kiingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Hatua ni nne: kanisa, ngome yenye kanisa, ngome yenye wafungwa, kifungo.

Kwa anayetilia shaka, Wareno walilipeleka neno hilohilo kwa Wamalay na Waindonesia, nao husema "gereja". Sauti zimekatwa vilevile kama zetu, ila kwao maana imebaki kanisa. Kulinganisha na bandari nyingine ya Bahari ya Hindi namna hii kuna nguvu kuliko kurasa kumi za kubishana.

Jemadari naye amepanda cheo. Kwa Kiajemi ni "jama", yaani kundi, na "dar", mwenye kushika. Katika jeshi la Waingereza kule India, jemadar alikuwa ofisa wa ngazi ya chini kabisa kati ya maofisa wa Kihindi. Kwetu ni kamanda mkuu wa majeshi. Sababu ni kwamba jemadari aliyejulikana pwani alikuwa mkuu wa askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Zanzibar, na katika mji mdogo wenye ngome moja hapakuwa na mwanajeshi mkubwa kumzidi. Serahangi, mkuu wa mabaharia chini ya nahodha, amekwenda njia nyingine: kwa Waajemi "sarhang" ni cheo cha jeshi, leo sawa na kanali, lakini kwenye vyombo vya Bahari ya Hindi alishuka akawa msimamizi wa kamba na matanga.

Na kuna maneno yaliyozunguka dunia yakarudi. "Amir" wa Waarabu, mwenye kuamuru, ameingia Kiswahili moja kwa moja kama amiri, na tunamwita rais amiri jeshi mkuu. Amiri huyohuyo alivuka Mediterania, Wazungu wakampachika "d" kwa kumchanganya na neno la Kilatini, akafika Uingereza akiwa "admiral", kisha akaja kwetu na jeshi la majini akiitwa admeri. Ukiandika kadi ya mmoja, weka namba ya kadi ya mwenzake.

Bunduki na boma, mitego miwili inayowanasa wengi

Utasikia kwamba bunduki limetoka kwenye jina la mji wa Venice, ambao Waarabu huuita al-Bunduqiyya, kwa kuwa huko ndiko silaha zilikonunuliwa. Hadithi ni tamu na herufi zinafanana kabisa. Shida ni tarehe. "Bunduq" kwa Kiarabu ni aina ya kokwa ndogo ya mviringo, na Wagiriki waliiita kokwa ya Ponto, yaani ya pwani ya Bahari Nyeusi. Kutoka kokwa, neno likahamia kwenye vidonge vya udongo au madini vilivyorushwa kwa upinde maalumu. Sultani Baybars wa Misri, aliyetawala kuanzia 1260 hadi 1277, alijulikana kama al-Bunduqdari, kwa sababu aliwahi kuwa mtumwa wa ofisa mwenye wadhifa wa kushika upinde huo. Angalia "dar" ileile ya jemadari. Basi "bunduq" ilikuwa silaha ya kurusha kabla mtu wa Misri hajaona mtutu wa baruti mikononi mwa askari. Jina la mji wa Venice lina asili yake nyingine, na kufanana ni kwa bahati.

Boma ni mtego wa aina nyingine. Watu husema ni kifupi cha maneno ya Kiingereza kuhusu usimamizi wa Waingereza, kwa kuwa ofisi za wilaya ziliitwa boma. Lakini msafiri Stanley alilitumia katika maelezo ya safari yake ya 1871, akimaanisha uzio wa miiba na miti, na kamusi ya Krapf ya 1882 inalo. Serikali ya kikoloni haikuwapo bara. Kwa ujumla, neno lolote la kijeshi au la bahari linaloelezwa kuwa ni herufi za mwanzo za maneno mengine lipe shaka kubwa ikiwa lilitumika kabla ya vita vya dunia.

Mtego wa tatu ni mdogo: maneno yaliyo sawa katika lugha mbili zinazoweza zote kuwa chanzo. Kalafati ipo kwa Waarabu, Wareno na Waitaliano pia. Umbo peke yake haliamui. Amua kwa kuangalia ufundi: nyenzo zinazotumika, majina ya zana nyingine za fundi yuleyule, na vyombo vya kwanza vilivyozibwa hivyo.

Kamusi gani, na kuzisoma vipi

Tumia angalau tatu za nyakati tofauti. Kitabu cha Steere cha 1870 kina Kiunguja. Krapf ana Kimvita, lahaja ya Mombasa, na hapo wengi hupotea kwa sababu hawajui kutafuta: penye "nchi" yeye ana "nti", penye "macho" ana "mato", na tahajia yake si yetu. Hakimiliki za hivi viwili zimekwisha na nakala zake zinapatikana mtandaoni. Kamusi ya Sacleux ya 1939 imeandikwa kwa Kifaransa, ila kwa lahaja na istilahi za bahari haina mpinzani. Hata kama Kifaransa hukijui, fungua. Johnson, ya mwaka huohuo, huweka majina mengi chini ya kitenzi kilichoyazaa, kwa hiyo chelezo usipolikuta kwenye "ch" litafute kwenye elea. Kisha linganisha na Kamusi ya Kiswahili Sanifu uone maana gani zimekufa.

Tarehe ya kamusi ni ushahidi wa neno kuwapo, si wa kutokuwapo. Neno lisipokuwa kwa Steere, huenda hakulisikia tu. Lakini likikosekana kwa wote wa zamani na kitu chenyewe kilifika karne ya 20, kama nyambizi, basi tafuta muundaji wake ndani ya Kiswahili: mbizi tunayopiga tangu zamani, imeongezwa "nya" mbele.

Ukienda pwani kuuliza

Nenda Matondoni kule Lamu, au Nungwi, ambako mafundi bado wanaunda vyombo. Chagua saa ambayo maji yamekupwa na chombo kimekaa mchangani. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndizo vyombo vingi hupandishwa kusafishwa, na fundi yuko palepale akisukuma pamba yenye mafuta kwenye nafasi za mbao, nyundo na patasi mkononi. Maji yakianza kujaa, acha maswali. Watu wana kazi.

Salimu kwanza, na mwite fundi "fundi", mzee "mzee". Usitaje neno lako. Ukiuliza "Huu ndio mkuku?", yaani ubao mkuu wa chini ya chombo, utajibiwa ndiyo kwa adabu hata kama pale wanaita vingine. Gusa kitu, uliza "Hiki mnakiitaje?", kisha "Na kazi yake?", kisha "Kikiharibika mnasemaje?" Swali la mwisho hutoa vitenzi. Anza omo (mbele ya chombo), fuata ubavu hadi tezi (nyuma), halafu shuka ndani mpaka ngama, panapokusanyika maji ya chombo. Methali itakusaidia kukumbuka mpangilio: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Rudia orodha hiyohiyo kwa watu wasiopungua watatu, mmoja wao awe wa bandari nyingine.

Joshi na demani, upande upepo unakotoka na upande unakokwenda, usiviulize chombo kikiwa nchi kavu. Watu wataonyesha pande tofauti na wote watakuwa sahihi, kwa kuwa hutegemea upepo wa siku hiyo. Viulize baharini. Uliza pia pepo kwa majina: kaskazi na kusi ndizo zilizotupa kaskazini na kusini, wakati mashariki na magharibi ni maneno ya Kiarabu ya kuchomoza na kuchwa kwa jua.

Usiondoke bila misemo. Mambo kwenda mrama kulianza na chombo kinachoyumba kwa mawimbi. Rubani aliongoza merikebu karne nyingi kabla ya kupanda ndege.

Kuandika matokeo

Ingizo zuri halizidi mistari mitano. Kwa mfano:

*Doria*, nomino, hii/hizi. Kitenzi: kufanya doria, kupiga doria. Matembezi ya ulinzi. Kiarabu "dawriyya", kutoka mzizi D-W-R, kuzunguka. Ndugu: duara (pia mtambo wa kuvutia kamba chomboni), dira.

Mpangilio ni huo: umbo, kitenzi, maana, lugha iliyotupa, lugha iliyoanzisha ikiwa ni nyingine, ndugu. Lugha iliyotupa na iliyoanzisha ziandike kwa mistari miwili tofauti kila inapowezekana, maana hapo ndipo wasomaji huchanganya. Kama kuna hadithi maarufu ambayo si kweli, iweke mwishoni kwa neno "si" na tarehe inayoipinga: bunduki, si Venice, Baybars 1260.